Walimwambia Bado, Akaamua Kunyamaza

Mdogo wangu alitoka chumba cha uchunguzi akiwa bado anaweka gauni lake sawa, mkoba wa vitu vya mtoto begani. Nilisimama nikidhani anakuja kuniambia kwamba anaingizwa wodini.

"Dada, wamesema bado."

Bado nini?

"Uchungu. Njia imefunga. Wamesema nirudi nyumbani, ninywe maji, nilale kidogo."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini huku akiwatupia jicho wanawake waliokaa kwenye benchi, kana kwamba ametajiwa kosa mbele yao. Tulipotoka nje alisimama, akashika tumbo, akasema maneno ambayo hayajaniachia wiki zote hizi:

"Sirudi tena huku mpaka nimhisi mtoto anatoka."

## Jibu lilikuwa sahihi

Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea: mkunga aliyempima alifanya kazi yake vizuri. Alipapasa tumbo, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akapima njia, yaani kama mlango wa kizazi umefunguka, akauliza kama maji yamevunjika au kama kuna damu. Hakumfokea, hakumdharau. Tumbo lilikuwa linakaza, linaachia, linakaa kimya muda mrefu, kisha linakaza mara mbili mfululizo. Ule haukuwa uchungu wa kujifungua.

Basi kwa nini mwanamke aliyepewa jibu sahihi, kwa lugha ya heshima, aliondoka akiwa ameamua jambo la hatari?

Siku zilizofuata tumbo liliendelea kumkaza, naye akaacha kusema. Nilikuwa namwona anakatisha maneno ghafla, anashika ukingo wa mlango, anapumua kwa mdomo, kisha anaendelea na alichokuwa anakisimulia. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Ni yale yale ya juzi." Alfajiri moja hakuweza tena kuendelea na alichokuwa anakisimulia. Tulipofika, njia ilikuwa imefunguka sentimita nane kati ya kumi zinazohitajika.

Mtoto alizaliwa salama na mama yake yuko salama. Ila saa zile zote ambazo uchungu ulikuwa umeshakolea, hakuna aliyekuwa anausikiliza moyo wa mtoto. Mtoto angechoka tumboni, nani angejua?

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza, nikisoma, nikiwasumbua wakunga. Nilianza nikitaka kujua namna ya kutofautisha mikazo ya maandalizi, ile isiyofungua njia, na uchungu wenyewe. Nimejifunza hilo, na nitalieleza. Lakini njiani nimekutana na jambo lingine ambalo naona ni zito zaidi.

## Msuli unaoanza kazi mapema

Mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli huo haulali miezi tisa ukisubiri siku moja. Hukaza na kuachia tangu miezi ya mwanzo, kabla mama hajaweza kuhisi chochote.

Mwaka 1872 daktari mmoja Mwingereza, John Braxton Hicks, aliandika kuhusu mikazo hiyo, na hadi leo vitabuni inaitwa kwa jina lake. Kilichonishangaza ni kwamba Hicks hakuwa anahangaika na swali letu la uchungu upi ni wa kweli. Alikuwa anatafuta njia ya kuutambua ujauzito. Enzi zile hakukuwa na kipimo cha mkojo wala altrasaundi. Daktari aliyeweka kiganja tumboni, akahisi kitu kinakuwa mgumu kisha kinalegea, alikuwa amepata ishara kwamba hapo kuna mimba, si uvimbe wa namna nyingine. Mikazo ile ile ambayo leo humrudisha mwanamke nyumbani akiona aibu iliingia katika maandishi ya udaktari kama ushahidi kwamba kuna mtoto.

Nimelitafakari hilo mara nyingi.

Wengi huanza kuihisi katikati ya ujauzito au baadaye, na wapo wasioihisi kabisa. Wiki za mwisho huongezeka. Huja zaidi mama akiwa amechoka, kibofu kimejaa, maji mwilini yamepungua, mtoto anacheza sana, au baada ya tendo la ndoa. Tumbo hukaza zaidi mbele, hukaa hivyo sekunde kadhaa au hata dakika nzima na zaidi, kisha hulegea. Mara nyingi hukera tu bila kuuma. Lakini inaweza pia kuuma, tena sana, na hapo ndipo wengi tunapopotea: maumivu peke yake si kipimo.

Kadiri siku zinavyokaribia, ndani kunabadilika. Nguvu ya projesteroni, homoni iliyokuwa ikiutuliza msuli miezi yote, hupungua. Seli za msuli hujenga njia za kupashana habari, ili mkazo ukianzia juu ya mfuko ushuke kwa mpangilio hadi chini, badala ya kila sehemu kukaza kivyake. Vipokezi vya oksitosini, homoni inayochochea mikazo, huongezeka, na msuli unakuwa mwepesi kuitikia. Kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini huulainisha mlango wa kizazi. Kazi hii huendelea kwa siku nyingi, hata wiki, bila tangazo. Kwa hiyo mikazo ambayo haijafungua njia inaweza kabisa kuwa ni mwili unaojiandaa, na mama anayeihisi hadanganywi na mwili wake.

## Mkono tumboni, macho kwenye saa

Aliyenifundisha zaidi ni mkunga mmoja mstaafu. Nilimwendea na swali langu la moja kwa moja: nitajuaje?

"Usianze kwa kumuuliza anaumwa kiasi gani," aliniambia. "Weka mkono, uangalie saa."

Akanionyesha. Kiganja kinakaa sehemu ya juu ya tumbo, bila kubonyeza kwa nguvu, kwa sababu mkazo wa uchungu huanzia huko juu na ndiko una nguvu zaidi. Ukijaribu kubonyeza kidogo kwa ncha za vidole wakati umekaza, mkazo mwepesi hubonyea kama ncha ya pua, wa kati kama kidevu, na ule wenye nguvu ni kama paji la uso, hauingii kidole. Mama anaweza kujipima mwenyewe. Anayekaa naye pia anaweza, akiruhusiwa.

Kisha saa. Hapa nimeona watu wengi wakihesabu vibaya, na hesabu mbaya huleta uamuzi mbaya. Nafasi kati ya mikazo huhesabiwa kutoka mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Wengi huanza kuhesabu mkazo unapoisha, na hapo majibu yote yanayumba. Urefu wa mkazo ni jambo la pili, huhesabiwa peke yake: kuanzia tumbo linapoanza kukaza hadi linapolegea. Andika yote mawili kwenye karatasi, kwa saa na dakika. Kichwa cha mtu aliye usingizini nusu na woga nusu hakikumbuki vizuri.

Ukiwa na karatasi hiyo, tafuta mwelekeo. Mikazo ya maandalizi huja ovyo: dakika 7, kisha 20, kisha 12, kisha kimya. Haiongezeki urefu wala nguvu. Uchungu wa kujifungua husogea upande mmoja: nafasi zinapungua, mikazo inarefuka, nguvu inapanda. Kila saa inakuwa nzito kuliko iliyopita.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kifaa. Kama ulikuwa umekaa, tembea. Kama ulikuwa unatembea, lala kwa ubavu wa kushoto. Nenda haja ndogo, kunywa maji, oga maji ya uvuguvugu. Mikazo ya maandalizi mara nyingi hupoa au huisha. Uchungu wenyewe haukuulizi umekaa vipi, na ukitembea mara nyingine ndiyo kwanza unapata kasi.

Halafu mazungumzo. Mwanamke aliye katika mikazo ya maandalizi kwa kawaida anaweza kuendelea kuongea nawe. Uchungu ukikolea, maneno hukatika: anafumba macho, anajishika, anapumua mpaka upite. Mdogo wangu alikuwa anakatisha maneno kwa muda mrefu kabla ya ile alfajiri. Alikuwa ameamua tu kwamba haihesabiki.

## Ishara zenye walakini

Kama kila kitu kingefuata maelezo hayo, makala ingeishia hapa. Nilipowauliza wanawake waliojifungua, kila ishara niliyoitaja ilipata mtu wa kuipinga.

Mmoja mikazo yake ilikuja kwa mpangilio mzuri jioni nzima, akaenda, akaambiwa bado, akalala, asubuhi hakuna kitu. Mwingine mikazo yake haikuwahi kunyooka. Ilikuwa dakika 4, kisha 9, kisha 5, hadi alipokuwa anasukuma. Wa tatu hakuhisi chochote tumboni, ila kiuno na mgongo vilikuwa vinamkatika, na alidhani amelala vibaya. Hilo la mgongo lina maelezo yake: mtoto akiwa amegeuza kisogo kuelekea uti wa mgongo wa mama, maumivu huweza kukaa nyuma zaidi kuliko mbele. Kwa kawaida uchungu huanzia mgongoni na kuzunguka hadi mbele, wakati mikazo ya maandalizi hubaki mbele. Lakini "kwa kawaida" ndilo neno la kuliwekea mkazo.

Hata ute. Ule ute mzito uliokuwa umeziba mlango wa kizazi unaweza kutoka ukiwa na michirizi ya damu, na watu wakaanza kukimbizana. Unaweza kuwa umebakiza saa chache. Unaweza pia kuwa umebakiza siku nyingi. Mtoto kushuka kwenye nyonga, mama akaanza kupumua kwa nafasi na kwenda haja ndogo kila mara, ni hivyo hivyo: inaonyesha mwili unasogea mbele, haionyeshi saa.

Na tarehe ya kujifungua? Ni mtoto mmoja hivi kati ya 20 anayezaliwa siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Muda wa kawaida ni kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42. Hata hivyo tarehe hiyo hutawala nyumba nzima. Ikifika, kila mkazo unatangazwa kuwa ndio wenyewe. Ikiwa bado, kila mkazo unapuuzwa.

Nilirudi kwa yule mkunga nikiwa nimevunjika moyo kidogo. Nikamwambia nimekusanya ishara zote na sina hata moja ya kuitegemea.

"Wala mimi sina," akasema.

## Kidole kimoja hakitoshi

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka.

Nilikuwa nimeamini kwamba mkunga akishapima njia, jibu limepatikana: ni uchungu au si uchungu. Alinieleza kwamba mara nyingi kipimo cha kwanza hakimwambii. Mlango wa kizazi ulio wazi sentimita mbili unaweza kuwa ulikuwa hivyo tangu wiki iliyopita, hasa kwa aliyewahi kuzaa. Kinachomwambia ni kipimo cha pili, baada ya saa kadhaa. Kama mlango umefupika, umekuwa mwembamba, umefunguka zaidi, uchungu unafanya kazi. Kama umebaki vile vile, bado. Anachopima ni mabadiliko, na mabadiliko yanahitaji muda.

Kwa maneno mengine, swali ambalo mdogo wangu alijilaumu kwa kushindwa kulijibu akiwa peke yake usiku, mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka mingi hulijibu kwa kusubiri.

Tena mpaka wenyewe wa kusema uchungu umekolea umekuwa ukihama. Mwaka 1972, watafiti R. H. Philpott na W. M. Castle, wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walichapisha mchoro wa kufuatilia kufunguka kwa njia, wenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili wakunga walio mbali na hospitali kubwa wajue mapema nani wa kuhamishwa. Mchoro huo uliokoa wengi, na Shirika la Afya Duniani likausambaza. Katika toleo la shirika hilo la miaka ya 1990, uchungu wenye kasi ulihesabiwa kuanzia sentimita 3. Toleo lililofuata likasema 4. Mapendekezo ya mwaka 2018 yanasema 5, na yanakiri kwamba ile kanuni ya zamani, kwamba njia ifunguke sentimita moja kila saa, ni ya haraka mno kwa baadhi ya wanawake.

Kabla ya hizo sentimita 5 kuna kipindi cha awali cha uchungu: mikazo inauma, mlango unabadilika, lakini polepole. Mapendekezo yale ya 2018 yanataka wanawake waelezwe kwamba kipindi hiki hakina urefu maalumu na hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kinaweza kuchukua saa chache. Kwa uzazi wa kwanza kinaweza kula siku na usiku wake, na zaidi. Kikishapita, kipindi chenye kasi kwa kawaida hakizidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa unaofuata.

Hilo lilinigusa kuliko yote. Tulikuwa tumegawa dunia mara mbili, uchungu wa kweli na usio wa kweli, na hatukuacha nafasi ya kipindi kirefu kilicho katikati. Mdogo wangu alikuwa ameingia humo. Usiku ule wa kwanza njia ilikuwa imefunga kweli. Siku zilizofuata mwili ulivuka, kidogo kidogo, na kwa sababu alishapewa jina la mikazo yake, hakuona sababu ya kuitazama upya. Jibu la usiku mmoja lilikuwa limegeuka kuwa hukumu ya wiki nzima.

## Si bora akae huko huko?

Kwa muda nilifikia jibu rahisi: wawapokee wote, wasimrudishe mtu. Nililiamini hilo siku kadhaa.

Kisha nikaanza kusoma upande wa pili. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake wanaolazwa mapema, kabla ya uchungu kukolea, huishia zaidi kupewa dawa ya kuongeza uchungu na kufanyiwa upasuaji. Mama akishalala kitandani, saa ya hospitali inaanza kuhesabu. Saa kumi na mbili za kipindi cha awali, ambazo nyumbani angezipitisha akitembea, akioga, akisinzia, wodini zinaonekana kama uchungu uliokwama.

Lakini sijalikubali hilo lote. Huenda waliokwenda mapema walikwenda kwa sababu mikazo yao ilikuwa migumu tangu mwanzo, na ugumu huo ndio uliowapeleka kwenye upasuaji. Shirika la Afya Duniani lenyewe halikupendekeza kuwachelewesha wanawake wasiingizwe wodini hadi uchungu ukolee, isipokuwa ndani ya utafiti uliopangwa vizuri. Ushahidi wa kuwafungia mlango haukutosha.

Nilipo sasa ni hapa: kurudi nyumbani kunaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa kwa mama mwenye afya, mwenye mimba iliyotimia, mwenye usafiri na mtu wa kukaa naye. Asiye na hivyo vitu hatakiwi kupimwa kwa sentimita pekee. Na yeyote anayerudishwa anapaswa kuondoka akijua kwamba safari ile ilikuwa na maana: moyo wa mtoto umesikilizwa, shinikizo la damu limepimwa, njia imepimwa na sasa kuna kipimo cha kulinganisha. Atakaporudi, mkunga hataanza na karatasi tupu.

Kwa uzazi wa kwanza wakunga wengi hushauri kwenda mikazo ikija kila dakika 5, kila mmoja ukidumu dakika 1, kwa muda wa saa 1. Ni kipimo kizuri kwa aliye karibu. Aliyewahi kuzaa asiisubiri saa hiyo nzima, kwa sababu uzazi unaofuata mara nyingi hukimbia. Anayeishi mbali, mwenye mapacha, au mwenye kovu la upasuaji katika mfuko wa uzazi, awe na mpango wake aliopewa kliniki mapema, na mara nyingi mpango huo humtaka aende mikazo inapoanza tu.

## Pale ambapo hakuna kuhesabu

Kuna mambo ambayo saa na karatasi huwekwa kando. Mtu haangalii kwanza kama ni uchungu au si uchungu. Anakwenda.

Mtoto kupunguza kucheza. Hili nalitanguliza kwa sababu nimesikia wengi wakisema mtoto hutulia uchungu ukikaribia. Hapana. Namna anavyojisukuma inaweza kubadilika kwa kuwa nafasi imepungua, lakini anapaswa kuendelea kucheza kama ilivyo desturi yake hadi uchungu unapoanza na hata ukiwa umeanza.

Damu inayotoka kama hedhi au zaidi, ambayo si ile michirizi kwenye ute. Tumbo lililokaza likakataa kulegea, lenye maumivu yasiyoachia kati. Kati ya mikazo tumbo lazima lipumzike, kwa sababu mkazo hupunguza damu inayofika kwenye kondo, na mtoto anahitaji mapumziko hayo apate hewa yake.

Maji kuvunjika, hata bila mkazo hata mmoja. Mimba iliyotimia, wengi wataanza uchungu ndani ya saa 24, lakini kinga ya mtoto dhidi ya vijidudu imeshafunguka, hivyo apimwe. Aangalie rangi: maji meupe au ya manjano hafifu ni ya kawaida, ya kijani au ya kahawia ni dalili kwamba mtoto amejisaidia ndani, na hapo haraka inaongezeka. Akihisi kamba ya kitovu imetangulia ukeni, apige magoti, kifua chini na makalio juu, wakati anasubiri usafiri, na njiani apelekwe haraka akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto na mto chini ya nyonga, bila kuirudisha kamba kwa mkono.

Kichwa kuuma sana kusikoisha, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo zinaweza kuwa za shinikizo la damu la ujauzito, linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Homa pia.

Na mikazo yenye mpangilio kabla ya wiki ya 37, hata isiyouma. Mwaka 1972, mwaka ule ule wa mchoro wa Philpott na Castle, madaktari Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano za dawa aina ya steroidi kwa mama husaidia mapafu ya mtoto anayetaka kuwahi kuzaliwa. Sindano hizo zinahitaji muda ili zifanye kazi. Mama anayesubiri nyumbani hadi awe na uhakika anaweza kuwa anautumia muda huo huo.

## Kabla ya kutoka mlangoni

Sasa jamaa yangu yeyote akiambiwa "bado", simwachi aondoke na neno hilo pekee. Tunauliza, kwa heshima, na tunaandika majibu nyuma ya kadi.

Njia imefunguka sentimita ngapi, na mlango ni mnene au umeanza kuwa mwembamba? Mkunga ajaye atahitaji kulinganisha.

Moyo wa mtoto ulikuwaje, na shinikizo la damu la mama lilikuwa ngapi?

Ni kitu gani kikitokea turudi saa ile ile bila kupiga hesabu? Ajibiwe kwa hali yake yeye, si kwa maelezo ya jumla ya ukutani.

Usiku tukirudi, tunapita wapi na tunampigia nani? Wanawake wengi hawaogopi uchungu peke yake. Wanaogopa kubisha mlango uliokwisha kuwarudisha.

Na la mwisho, ambalo sijawahi kusikia likisemwa bila kuulizwa: kama mikazo itaendelea hivi hivi, haikaribiani wala haiishi, turudi lini? Yule mkunga mstaafu alinijibu bila kusita. Mama asiyelala usiku wa pili mfululizo, asiyeweza kula wala kunywa, aliyeishiwa nguvu kabla safari yenyewe haijaanza, arudi apimwe upya, hata kama karatasi yake ya dakika haijabadilika.